Wapenzi wa kwenye filamu zetu hawasikilizani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua na nakuomba usinipunguze sana maana hili jambo limenikaa rohoni muda. Kuna msomaji mwenzangu aliandika humu akilalamika kwamba filamu zetu za kibongo hazina mapenzi ya kuaminika, yani mkaka na mdada wanakaa mbele ya kamera wanaambiana nakupenda na wewe unayeangalia huoni chochote kinachowavuta, alafu akamalizia kwamba sababu ni kubanwa, kwamba maadili na Bodi ya Filamu havituruhusu kuonyesha mabusu na vitanda kama wenzetu wa nje kwa hiyo tuachiwe tu. Tatizo kalisema sawasawa kabisa. Sababu ndo sikubaliani nae.

Mimi ni msusi, nina saluni hapa Majengo Moshi, tivii inawaka toka nafungua mpaka nafunga. Wateja wangu wanaangalia kila kitu, tamthilia za Kituruki zilizowekewa sauti za Kiswahili, za Kihindi, za Kifilipino, na za kwetu. Mtu akija kusuka rasta anakaa masaa kwenye kiti kwa hiyo mi naziona sura zao kwenye kioo wakati wanaangalia, na kwa kuwatazama hivyo nimejua kwamba sini, yani kipande cha filamu, ikiwa na kemistri, ule mvuto kati ya wawili, saluni inanyamaza yenyewe, hamna anayesema nyamazeni, hata yule aliyeko chini ya drayaa ambaye hasikii kitu anainua kichwa. Na mara nyingi kwenye hiyo sini hamna aliyembusu mtu. Mwanaume kashika glasi ya chai aliyoiacha mwanamke, mwanamke kasimama mlangoni hataki kutoka na hataki kubaki, basi, na watu wameganda. Ikija ya kwetu, dakika ileile ya kutongozana, ndo wateja wanaanza kuulizana vitunguu soko la Mbuyuni leo vinauzwaje.

Hebu niieleze hiyo sini yetu, kila mtu ataitambua. Gari zuri linasimama, kioo kinashuka, mdada anapita, anaitwa, anabinua mdomo, anaombwa namba, anakataa mara mbili, anatoa. Sini inayofuata wako hotelini pembeni ya swimingi puli na juisi mbili, mkaka anasema tangu siku ile silali, mdada anasema nyie wanaume ndo zenu, muziki unapandishwa, tayari ni wapenzi na filamu nzima inayobaki tunatakiwa tulie wakiachana. Mi nauliza huyu dada alimpenda nini huyu kaka? Huyu kaka kaona nini kwa huyu dada ambacho hakukiona kwa yule mwingine aliyepita na ndoo nyuma yake? Mwandishi hajui, dairekta hajauliza, na waigizaji wenyewe hawawezi kujua, maana wapo wadada wanaoigiza huwa wanakuja kwangu kutengeneza nywele kabla ya kushuti na wananihadithia, kwamba maneno kapewa jana usiku kwenye simu, huyo anayeigiza kama mpenzi wake hajawahi kumuona, watakutana lokesheni asubuhi, wataambiwa simameni hapa, jua linaondoka, aksheni. Sasa hapo hata ukiwaruhusu mabusu elfu moja unategemea nini kitoke?

Na hao tunaowaona wameachiwa, mbona walibanwa kuliko sisi na wakati huohuo ndo wakatoa sini za mahaba ambazo watu wanaziangalia mpaka leo. Hollywood kuanzia 1934 mpaka 1968 walikuwa na kanuni za maadili, skripti inakaguliwa kabla ya kushuti, filamu ikiisha inakaguliwa tena, mume na mke ndani ya filamu wanalazwa vitanda viwili, na busu ilizoeleka lisizidi sekunde tatu. Mwaka 1946 Alfred Hitchcock akatoa filamu inaitwa Notorious, ndani yake Cary Grant na Ingrid Bergman wapo kwenye baraza ya ghorofa Rio de Janeiro, bahari iko chini. Anambusu kidogo wanaachana, wanaongea, anambusu tena kidogo wanaachana, wanatembea kuingia ndani wameshikana vilevile mpaka kwenye simu, mwanaume anaongea na simu huku mwanamke yupo shavuni kwake, inaenda hivyo kama dakika mbili na nusu na hamna busu hata moja lililovunja kanuni. Na wanaongea nini? Wanaongea kuku. Mwanamke anasema leo tusiende kula nje, nitapika mwenyewe, kuku. Alafu katikati ya habari za kuku anamwambia haya mapenzi yetu ni ya ajabu, mwanaume anauliza kwa nini, anajibu labda kwa sababu wewe hunipendi.

Hapo ndo penyewe. Mwanamke anataka kusikia neno moja na mwanaume halitoi, kwa hiyo kila busu pale lina swali ndani yake ambalo halijajibiwa. Ukitoa lile swali ukabakiza mabusu unabaki na watu wawili wanasumbuana mdomoni kwa dakika mbili na nusu. Kanuni iliwabana wakatafuta kitu kingine cha kuweka, na hicho kitu kingine kikawa kitamu kuliko walichokatazwa.

Wazazi wetu pia wanalijua hili, wale waliokuwa wanaenda majumba ya sinema enzi zile picha za Kihindi zikijaza watu. Shree 420 ya mwaka 1955, Raj Kapoor na Nargis chini ya mwavuli mmoja kwenye mvua wanaimba, hawabusiani, na ukimtajia mama wa umri ule ile mvua mwangalie uso wake.

Kwa hiyo mi nasema kinachokosekana kwetu ni watu wawili kila mmoja anataka kitu, anajizuia kukisema, na anamsikiliza mwenzake kwa sababu jibu la mwenzake linaweza kumgeuza. Ukiniambia nitaje sini moja ambayo kila anayeandika mahaba aiangalie bila haraka nitataja ya mwaka 1944, To Have and Have Not, dairekta ni Howard Hawks. Humphrey Bogart alikuwa na miaka 44, Lauren Bacall binti wa miaka 19 na ndo filamu yake ya kwanza maishani. Wako chumbani hotelini. Binti anamkalia mwanaume mapajani anambusu. Mwanaume anamuuliza umefanya hivyo kwa nini, anajibu nilikuwa najiuliza kama nitapenda. Umeamuaje? Bado sijajua. Anambusu tena, safari hii mwanaume anaitikia, binti anamwambia inanoga zaidi ukisaidia na wewe. Anainuka anaenda mlangoni, anageuka, anamwambia ukinihitaji piga mluzi tu, alafu anatoka. Mwanaume kabaki peke yake anapiga mluzi.

Tazama jinsi kila sentensi imempa mwenzake nafasi ya kujibu. Hamna anayehutubia. Binti anajaribu, anapima, anasubiri, mwanaume anashangaa na anaonekana anashangaa, na mwisho binti ndo anaondoka, maana angebaki pale sini ingekufa. Umri ule wa mwanaume na binti unanikera nikiuwaza, lakini ndani ya chumba kile usukani anao binti. Na kuna jambo linalojulikana kuhusu zile siku, kwamba Bacall alikuwa anatetemeka kwa woga mbele ya kamera mpaka kichwa kinacheza, akagundua akibana kidevu karibu na kifua kinatulia, ila sasa ili amtazame Bogart ikabidi ainue macho tu kutokea chini, na yale macho ndo dunia ikayapenda. Woga wa kweli wa binti wa kweli, na dairekta alikuwa na akili ya kuuacha uonekane. Kwetu angeambiwa mdada jikaze, rudia. Mwaka uliofuata wale wawili wakaoana kabisa.

Huyohuyo Howard Hawks alikuja huku kwetu, na hili watu wengi wa Moshi na Arusha hawalijui au wamelisahau. Alikuja akashuti Hatari!, ikatoka 1962, kambi ya kwenye filamu iko Momella kule chini ya Mlima Meru, John Wayne anakamata wanyama hai kwa ajili ya zoo za nje na Elsa Martinelli, Muitaliano, ni mpiga picha wanamuita Dallas, mwishoni tembo watoto wanakatiza mitaa ya Arusha mjini wanamtafuta. Mwanaume aliumizwa na mchumba wa zamani kwa hiyo anaogopa, na mwanamke ndo anaanza tena, anamuuliza wewe unapenda kubusu vipi. Dairekta yuleyule, miaka 18 baadae, mwanamke anaanza na mwanaume anasitasita kama kule hotelini, lakini ile ya zamani inawaka na hii ya Momella mi naona haiwaki. Nimeirudia sana kujua kwa nini. Nadhani ni kwa sababu John Wayne hamsikilizi. Anasubiri mwanamke amalize ili yeye aseme yake, uso haubadiliki na neno lolote aliloambiwa. Martinelli anapendeza zaidi akiwa na wale tembo watoto watatu, akiwaogesha pale kwenye maji wakamfuata na muziki wa Henry Mancini nyuma, hapo unaona kabisa mtu kapenda na kapendwa. Yani tembo wamemsikiliza kuliko mwanaume.

Na kuna kingine kwenye Hatari! kinaniuma. Milima yetu ipo, mbuga zetu zipo, mji wetu upo, nchi yenyewe ilipata uhuru Desemba 1961 miezi michache tu kabla haijaanza kuonyeshwa, na ndani yake hamna mtu wa huku hata mmoja anayependa au kupendwa. Wenyeji wapo kusaidia kazi. Mapenzi ni ya wageni, sisi tumetoa mandhari. Zaidi ya miaka sitini imepita na mi nikiangalia filamu za kwetu zinazokuja kushutiwa huku Kaskazini naona bado tunatoa mandhari, drone inapaa juu ya Kilimanjaro dakika nzima, alafu inashuka kwa watu wawili ambao hamna aliyewafikiria.

Inawezekana kufanya vizuri na tumeshaona inawezekana. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi na ilionyeshwa mpaka tamasha la Toronto. Ni Zanzibar ya miaka ya hamsini, Yasmin kakimbia ndoa ya kuozeshwa mzee, Denge anawindwa na polisi wa mkoloni. Denge hana gari, hana hoteli, hana juisi. Anachofanya ndo kinamvuta Yasmin, na anavyoanza kuielewa kazi ya Denge ndo anavyoanza kujielewa mwenyewe, na hatari iliyoko nje ya mlango inafanya kila wanapokutana wewe unashika moyo. Ndani ya nchi hiihii, na Bodi ipo.

Sasa niseme jambo ambalo ndo hasa limenifanya niandike. Kutongoza kwenye filamu zetu nyingi ni kulazimisha. Mwanaume anamshika mdada mkono barabarani, mdada anajitoa, anamfuata, anamzibia njia, anaenda mpaka kazini kwake, anampigia usiku, na filamu inatuambia huyu anapenda kweli hakati tamaa, na mwishoni mdada anaelewa kwamba alikuwa mjinga kukataa. Hapo nyuma muziki wa mahaba. Mi nakaa na mabinti kila siku, wa chuo, wa dukani, wa nyumbani, wananiambia yanayowapata njiani, na yule anayezibia njia kwenye maisha ya kweli hana muziki nyuma yake, anatisha. Halafu huyu chalii wa miaka kumi na saba nae anaangalia filamu hiyohiyo kwenye kibanda anajifunza kwamba hapana ni hatua ya kwanza ya ndiyo.

Ukiacha ubaya wake, hata filamu yenyewe inaharibika. Kemistri inatoka pale ambapo wote wawili wangeweza kuondoka na hawaondoki. Ukimzibia mtu njia umeondoa swali, hatujui tena kama angebaki kwa kutaka, na sisi watazamaji ndo tulikuwa tunalisubiri hilo. Kwenye ile sini ya mluzi mlango uko wazi muda wote na binti anautumia. Andikeni mdada anayetaka kitu! Mdada kwenye filamu zetu kazi yake ni kukataa na baadae kukubali, hana hamu, hana udadisi, hamtazami mwanaume kwanza yeye. Kwani wanawake wa Moshi hawatazami? Kaa saluni kwangu Jumamosi jioni usikilize.

Kuhusu ufundi siwezi kusema mengi maana sio kazi yangu ila mtazamaji ana macho. Kuna Mrusi anaitwa Lev Kuleshov, mtu wa mwanzo kabisa wa sinema, inasimuliwa alichukua uso wa mwigizaji mmoja, uleule haujabadilika, akauunganisha na sahani ya supu, alafu na jeneza la mtoto, alafu na mwanamke kajilaza, watu wakasema jamaa kaigiza njaa vizuri, kaigiza msiba vizuri, kaigiza tamaa vizuri. Maana yake kumuona mtu anatazama ni nusu ya mapenzi, nusu nyingine ni kuona anachokitazama. Maedita wetu wanaikosa hii. Kamera inakaa kwa anayeongea, akimaliza inahamia kwa mwingine anayeongea, uso wa anayesikiliza hatuupati kabisa, na mapenzi yako kwa anayesikiliza. Bakisheni klozapu, yani picha ya karibu ya uso, ya anayeambiwa, hata kama haongei, sekunde chache tu mbele.

Na muziki jamani upunguzeni. Najua mara nyingi saundi ya lokesheni mbovu, jenereta linasikika, bodaboda zinapita, kwa hiyo muziki unamwagwa juu kuficha, lakini pale ambapo mtu kavuta pumzi kabla ya kujibu ndo sini yenyewe na nyie mmeifukia. Hata kwenye vibanda vya video tunakosea hapohapo, wale wanaotafsiri filamu juu kwa juu wengine ni mahodari kweli na wametuchekesha miaka mingi, ila wapenzi wakinyamaza tu mtafsiri anaogopa kimya anaingiza stori yake, sasa anamwambia mtoto mzuri nitakuoa nitakununulia, na watu wanacheka na ile hali imekufa.

Wakati mwingine nikisuka huwa natunga kichwani, na kuna sini moja nikiifikiria nasema mbona hamna aliyeishuti. Desemba ya Uchagani. Kila mtu anajua Wachaga tunavyorudi nyumbani mwisho wa mwaka, mabasi yamejaa, barabara ya Dar imeziba magari, na tangu treni ya abiria irudi 2019 wengine wanashukia stesheni hapa Moshi na maboksi. Kaka karudi toka Dar, dada alibaki kijijini anahudumia bibi na migomba. Walishawahi kutazamana Desemba iliyopita na hawakusema kitu, mwaka mzima umepita hamna hata meseji. Sasa wako kwenye kihamba, shamba la migomba la nyumbani, kwa watu, sherehe ya kipaimara cha mtoto, ndizi zinaiva, wazee wamekaa, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka. Na mbege kama mnavyojua inanywewa kwa kata moja, unakunywa unampa wa pembeni. Dada kapokea toka kwa shangazi, kanywa kidogo, na anayefuata ni yule kaka. Anampa kwa mikono miwili kwa heshima kama inavyotakiwa, karibu kaka. Kaka kapokea, shukrani dada. Anaigeuza ile kata kidogo anakunywa palepale alipokunywa dada. Hamna mzee aliyeona, au bibi kaona. Dada kaona. Anaangalia moto.

Ongezeni hapo kwamba kaka anaondoka tarehe mbili Januari. Ongezeni kwamba shangazi ana mpango wake wa kumtafutia dada mtu mwingine. Wanaitana kaka na dada kwa sababu ndivyo tunavyoitana mbele za watu na kila wakiitana hivyo sisi tunaojua tunaumia. Kesho yake dada anaenda kuteka maji kavaa kanga ambayo maneno yake kaka atayasoma kwa nyuma akiwa anaondoka, mwanamke hajafungua mdomo na ujumbe umefika, bibi zetu wamefanya hivyo miaka na miaka. Bodi ya Filamu itakata nini hapo? Hamna cha kukata, na mi nakuhakikishia saluni nzima itanyamaza. Heshima, wazee, uzio, shughuli ya watu wengi, vyote hivi tunavyoviona vinatubana, vinawapa wapenzi kitu cha kuvuka. Hoteli yenye puli haina cha kuvuka.

Kuna sini nyingine Arusha. Fundi cherehani na mteja wake pale barazani wanapopanga vyerehani, kumpima tu mabega na kiuno kwa futi, anasema namba kwa sauti msaidizi aandike, na namba moja anaisema taratibu. Mwanamke anarudi kesho yake anasema gauni linabana wakati halibani. Basi. Hiyo mwachieni mwandishi mwenye kipaji aimalizie.

Jambo la mwisho ni usalama wa hawa wadada, na wakaka pia. Hao waliokuwa wananihadithia, kuna ambaye aliguswa kwenye sini kwa namna ambayo haikuandikwa wala hakuambiwa, kamera inatembea, akaogopa kusimamisha kwa sababu ataambiwa sio profeshno, akaja kukaa kwangu analia nimshike nywele tu. Wenzetu nje siku hizi wana mtu maalumu wa kusimamia sini za mahaba, HBO kuanzia 2018 wakaamua kila kipindi chao chenye sini hizo kiwe nae, mnakaa kabla mnakubaliana mkono unafika wapi, unakaa muda gani, nani anasogea kwanza, na ikibadilika mnasimama mnaongea. Najua bajeti zetu ni ndogo lakini kukubaliana hakuhitaji bajeti, kunahitaji nusu saa na dairekta mwenye utu. Mtu anayeogopa mkono wa mwenzake ataigiza anaogopa, na kamera inaonyesha. Mtu anayejua mkono utafika begani tu na hautashuka, huyo ndo anaweza kuachia uso wake uonekane unatamani.

Kwa hiyo ndugu msomaji mwenzangu uliyeandika, nakuomba usipiganie mabusu kwanza. Pigania waigizaji wapewe skripti mapema. Pigania wafanye mazoezi wawili wao. Nyie prodyuza wa Arusha na Moshi mnaolipia drone siku mbili, punguzeni siku moja, hiyo hela walipeni wale wawili wakae pamoja siku nzima wasome, wabishane, wajuane hata chai wanakunywaje. Na wewe Mhariri, gazeti lako linaandika sana mastaa nani kaachana na nani, tuwekee hata safu ndogo ya mtu anayeichambua filamu yenyewe, sini ilivyoandikwa, ilivyoshutiwa, wapi imeshika na wapi imechemka, maana watengenezaji wakijua kuna mtu anaangalia kwa makini watajipanga.

Saluni yangu Jumatatu huwa siifungui. Dairekta yeyote wa hapa Moshi au Arusha anayetaka lokesheni ya wapenzi wawili, kuna viti vitatu, vioo ukuta mzima, dirisha linapata jua zuri kuanzia saa tisa, aje aongee na mimi sitamtoza hela. Ila waigizaji wake waje Jumatatu ya kabla, bila kamera, wakae humo wenyewe mmoja amchane mwenzake nywele mpaka waache kuoneana aibu, mi nitakuwa nje nauza mkaa wangu.

Msusi wa Majengo,
Moshi